Majibu ya Mtihani Kwenye Ukuta wa Samaki

Mjukuu wangu anataka kuingia jeshini. Ni msichana, kifua chembamba, akipita kwenye moshi anakohoa, lakini ndicho anachotaka. Kila jioni analeta kiti cha plastiki karibu na jiko langu na kusoma maswali ya mtihani kwenye simu, kwa sauti, kana kwamba mimi pia nimejiandikisha. Mimi namenya muhogo. Nimechoka, sitaki maswali ya mtu. Lakini macho hayana pazia, na masikio nayo hayana mlango.

"Koko, maji inachemka kwa nyuzi ngapi?"

"Mia."

Akaangalia jibu kwenye simu. Akaniangalia.

"Juu ya nini tunaona mwanga wa radi mbele ya kusikia ngurumo?"

"Juu nuru iko na mbio kupita sauti."

"Koko! Na sayari ziko ngapi?"

"Tisa."

Akacheka mpaka simu ikataka kuanguka. "Nane, Koko. Moja walitoa."

"Nani alitoa?"

"Wenye kusoma nyota. Walisema iko kadogo sana."

Bon. Kumbe hata huko juu wanafukuzana kazi. Nikachukua muhogo mwingine. Lakini mtoto hakuniacha. Alitaka kujua mwanamke kama mimi, ambaye jina langu naliandika polepole kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, nilijifunza wapi mambo ya sayari. Nikamwambia. Na kwa sababu sipendi kusema jambo moja mara nyingi, naliandika hapa, kalamu ikienda polepole hivyo hivyo.

Aliyenifundisha ni babu yake, na hakujua kwamba ananifundisha.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa barabara ya Banalia. Shule niliiona kidogo, ile ya masista, ya kushona na kusali. Nikaolewa Kisangani, kwa wavuvi wa maporomoko. Watu wa pale wanasimika miti mikubwa katikati ya mawe, mahali maji yanapochemka bila moto, wanaifunga kwa kamba za msituni, na kwenye ile miti wananing'iniza migono, vikapu virefu vyenye mdomo mpana, vinavyongoja samaki anayeletwa na nguvu ya mto. Asubuhi na jioni mwanaume anapanda, anatembea juu ya mti ulioloa, vidole vya miguu vikishika kama vya nyani, anainua mgono wake. Chini yake ni povu tupu. Mwanaume wa pale hahesabiwi kwa nyumba yake wala kwa idadi ya watoto. Anahesabiwa kwa nguzo yake.

Mume wangu alikuwa na kaka mmoja, mkubwa wake, tumbo moja. Muda mfupi kabla ya uhuru maji yalimchukua. Kamba ilikatika, akaenda. Alipatikana chini kabisa, upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, na tukamzika.

Katika familia ya mume wangu kulikuwa na desturi. Mtu akichukuliwa na maji, mgono wake haushikwi na mkono wa mtu yeyote mpaka ndugu wa tumbo moja apande, auinue, aufungue, auachie mto. Hapo ndipo marehemu anapumzika, na nguzo yake inaweza kupewa mwingine. Baba hawezi kuifanya kazi hiyo. Binamu hawezi. Ndugu wa tumbo moja, basi. Na ndugu huyo alikuwa mume wangu peke yake.

Alikwenda. Nilikuwa kwenye mawe na wanawake wengine, nilimwona. Alishika ule mti kwa mikono miwili, akaweka mguu, na magoti yakaanza kumtetemeka kama ya mtu mwenye homa. Akarudi chini. Akasema kesho. Kesho yake akasema mguu unamwuma. Baada ya hapo hakupanda tena, hata kwa migono yake mwenyewe. Alibaki ufukweni na wazee, anasuka na kushona vikapu vya wengine, na mgono wa kaka yake ukabaki unaning'inia pale. Maji yakijaa, hauonekani. Maji yakipungua, huo hapo, mweusi, kila mtu anauona na hakuna anayeutaja.

Hakuna, isipokuwa baba mkwe wangu.

Uhuru ulipokaribia, ikasemwa maafisa wazungu wa jeshi wataondoka, na nchi ikataka watu wake wenyewe wa kushika vyeo. Ikatangazwa huko Makiso, katikati ya mji, kwamba vijana waliosoma kidogo wanaweza kufanya mtihani wa kuingia shule ya jeshi: hesabu, Kifaransa, na mambo ya sayansi ya kila mtu, hewa, maji, mwili, nyota. Mume wangu alikuwa amefika darasa la tano kwa mapadri. Alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama mtu mrefu. Nilielewa mara moja. Alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: kuuacha mto bila kuitwa mwoga. Mtu anayeondoka kwenda kuwa sajenti hajakimbia. Ameitwa.

Baba mkwe naye alielewa.

"Nasikia unataka kuwa askari," alimwambia, mbele yangu, mbele ya majirani, akiwa anakula. Mume wangu akaitikia.

"Njo, Papa."

"Kule kambini hakuna maji?"

"Kuko maji ya kunywa, Papa."

"Alors utakunywa. Lakini usiiangalie sana kwenye kikombe, itakutisha."

Watu walicheka. Mume wangu alinawa mikono na kuondoka. Mimi nilikusanya sahani. Sikumjibu mzee, kwa sababu mkwe hajibiwi, lakini jioni ile samaki wake nilimpa mkia.

Kulikuwa na mwalimu mmoja Makiso, mtu mdogo, mwenye koti moja tu, ambaye kila alasiri alikusanya vijana kwenye uwanja wa nyumba yake na kuwatayarisha kwa ule mtihani. Alilipwa kwa chochote: kuku, mafuta ya mawese, kwetu sisi samaki. Karatasi za maswali alikuwa nazo mwenyewe, hakuruhusu ziondoke. Alisoma swali kwa Kifaransa, akalifafanua kwa Kiswahili, akatoa jibu, wao wakalishika kichwani, basi. Mume wangu alikuwa na kichwa kizuri lakini chenye kuvuja. Basi alikuwa anatoka Makiso mbio mbio, kwa miguu, midomo ikitembea, hamsalimii mtu njiani. Akifika uani ananipungia mkono nisiseme.

"Usiniambie kitu kwanza! Zitamwagika!"

Na kwa nini alikimbia hivyo? Kwa sababu daftari lilikuwa ghali na ukuta ulikuwa bure. Tulikuwa na kibanda cha kukaushia samaki, udongo tupu, na ndani mafuta na moshi wa miaka vimeufanya ukuta mweusi unaong'aa kama tako la sufuria. Alichukua kipande cha udongo mweupe, akaandika majibu yake pale, haraka, kabla hayajamwagika. Halafu ndipo anasema, "Mama, habari ya mchana?"

Majirani hawakulipenda jambo hilo. "Bwana yako amekuwa mukubwa," jirani mmoja aliniambia, mwanamke mwenye ulimi. "Hajapata hata kofia ya askari, tayari salamu zimeisha."

"Anabeba vitu," nilimwambia.

"Mikono iko mitupu!"

"Anabeba kwenye kichwa."

Akatingisha kichwa na kwenda kusema kote kwamba mume wangu anabeba dawa isiyotaka maneno. Sikumrekebisha. Sikuwa na nguvu hiyo. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine njiani, na samaki hawajigeuzi wenyewe.

Moshi ulikula yale maandishi. Baada ya siku chache neno linafifia, naye analiandika tena juu yake. Hivyo ndivyo alivyoyashika, kwa kuandika tena na tena. Jioni, kabla giza halijaingia, mimi nageuza samaki juu ya uchaga, yeye amesimama nyuma ya moshi anajiuliza na kujijibu, macho yamejaa machozi ya kuni. Sikuweza kusoma kile Kifaransa, lakini nilijua kila jibu linakaa wapi. Maji yanayochemka yalikaa karibu na mlango. Chini yake, kutu: chuma, maji na hewa, vikikaa pamoja muda mrefu, chuma kinaliwa. Mapafu yalikaa juu ya uchaga mkubwa. Radi na nuru, katikati. Sayari tisa zilikuwa kwenye kona ambako kuku alilala, na yule kuku alikuwa amezifuta mbili kwa mgongo wake mpaka mume wangu akampa kona nyingine.

"Mapafu iko na kazi gani?" anajiuliza.

"Kuchukua uzuri wa hewa na kuupa damu," anajijibu.

"Na kazi ya hewa yangu hapa ni gani?" nilimwuliza siku moja, nikikohoa. "Toka kwenye mlango, unaziba."

Siku moja alirudi kutoka Makiso polepole. Alimsalimia kila mtu njiani. Aliingia uani, akakaa juu ya kinu, hakwenda ukutani.

"Leo hakuna?" nikamwuliza.

"Niliuliza swali," akasema. "Nilimwuliza mwalimu: mutu akizama, nini inakufa mbele? Ni moyo ao ni kichwa? Anajua kwamba anakufa, ao hajui?"

"Akasema nini?"

"Akasema hiyo haiko ya mtihani."

Nilisimama na samaki mkononi. Mimi si mtu wa maneno laini, na hata ningekuwa nayo, yangefanya nini? Nilimpa kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki, akala nusu. Kuanzia hapo nilijua kwamba asomayo hayasomi kwa ajili ya jeshi peke yake. Alikuwa anamtafuta kaka yake humo ndani, kati ya mapafu na damu, na hakumpata.

Na mtihani wenyewe haukuja.

Siku ya kwanza iliyopangwa, nilifua shati lake jeupe, nikalipiga pasi ya makaa, akaenda. Alikuta lango la kambi limefungwa: askari walikuwa wameasi maafisa wao na hakuna aliyejua nani anamwamuru nani. Akarudi. Baadaye mji wetu ukawa na serikali yake na mji mkuu una yake. Wakasema maswali ya zamani hayafai tena, yatatungwa mengine. Nilidhani labda sasa maji yatachemka kwa namba nyingine. Hapana, mwalimu alisema ni mia ile ile. Nikafua shati, akaenda, akaambiwa arudi. Serikali hiyo nayo ikaondoka, ikaja ya wote pamoja, picha ukutani pale ofisini zikabadilishwa, na wakubwa wapya wakasema, njoo juma lijalo. Shati nikafua. Juma lijalo likazaa juma lijalo lingine. Lile shati nililifua mpaka kola ikafa, nikaigeuza, na upande wa pili nao ukafa.

Ndivyo miaka ile ilivyokuwa kwetu. Watu wanaisimulia kwa bendera na hotuba. Mimi naikumbuka kwa sabuni iliyokosekana. Na kila kiangazi, maji yakipungua, ule mgono ulijitokeza tena pale kwenye nguzo, na baba mkwe alikuwa anakwenda kukaa juu ya jiwe akiuangalia, hamwambii mtu kitu. Alikuwa amezeeka. Mizaha ilikuwa imemwishia. Hilo lilikuwa baya kuliko mizaha.

Halafu waasi wakaingia mjini.

Askari wa serikali walikimbia, wakivua sare njiani kama miti inayopukutisha majani. Waasi wengi walikuwa vijana, wamevaa majani kichwani, wamepakwa dawa ambayo walisema inageuza risasi kuwa maji. Walitafuta askari, na watu waliofanya kazi na serikali, na watu wa kusoma. Kalamu mfukoni ilitosha. Yule mwalimu alivuka kwenda Lubunga kwa mtumbwi, koti lake amelivaa ndani nje ili asijulikane. Sikusikia tena habari zake.

Asubuhi ile niliingia kwenye kibanda changu nikawasha moto, nikageuka, nikaona ukuta. Nuru ya mlangoni ilikuwa juu yake. Kifaransa, kutoka chini hadi juu. Mtu hakuhitaji kujua kusoma ili aelewe kwamba hapa kuna mtu anayesoma.

Mume wangu aliufuta kwa kiganja. Ule udongo mweupe ulikuwa umeingia ndani ya mafuta, haukutoka, ulipakaa tu. Akatumia kitambaa. Akatumia majivu. Maneno yakabaki, kama mtu nyuma ya pazia.

"Leta maji," nikamwambia. "Nitakandika."

Kukandika ni kazi ya wanawake. Nilichimba udongo nyuma ya nyumba, nikaukanyaga na majani makavu mpaka ukashikana, nikaanza mlangoni. Yeye alisimama nyuma yangu. Nilipoinua tonge la udongo alikuwa anasoma lile jibu kwa sauti ndogo, halafu nalifunika. Linalofuata analisoma, nalifunika. Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Mpaka sayari ya mwisho.

Walikuja alasiri ya siku ile ile. Walitaka samaki. Kiongozi wao alikuwa kijana mwenye kofia ya ngozi ya nyani, na bunduki ilikuwa moja, wengine mikuki. Aliingia kibandani, akaegemea ukuta, akatoa bega lake likiwa na tope.

"Mama, unakandika?"

"Unaona."

"Batu bote banakimbia, wewe unakandika nyumba?"

"Moshi haujui vita," nikasema. "Ukitokea kwenye nyufa, samaki wanaoza. Mutakula nini?"

Akacheka. Lakini kulikuwa na mwenzake, mkubwa kidogo, jicho moja limevimba, huyo hakucheka. Alikuwa anamwangalia mume wangu. Akamwambia anyooshe mikono. Mikono ya mvuvi wa maporomoko ina makovu ya kamba kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Mikono ya mume wangu ilikuwa imepona zamani. Na chini ya kucha ilikuwa na weupe.

"Hii ni mikono ya karani," akasema yule wa jicho.

"Mimi ni mvuvi," mume wangu akasema.

"Mvuvi wa wapi?"

"Wa hapa."

"Karani anasema ni mvuvi, askari anasema ni mvuvi. Mji muzima leo ni wavuvi! Samaki itaisha." Sasa wote wakacheka. "Bon. Twende. Utatuonyesha."

Tukateremka kwenye mawe, mimi na mtoto mgongoni, yeye mbele na mkuki nyuma yake. Baba mkwe alikuwa pale, juu ya jiwe lake. Alisimama. Wale vijana walibaki mahali pakavu. Dawa yao, walisema, haitaki kuguswa na maji mengine. Yule wa jicho akanyoosha mkuki kuelekea kwenye nguzo. Migono ilikuwa mingi. Akaonyesha ule mweusi.

"Ule. Juu ya nini ule haujainuliwa? Ni wa nani?"

Nilingoja mzee aseme. Angeweza kusema kwamba huo ni wa marehemu, chagueni mwingine, kuna mingine karibu na mfupi wa kupanda. Angeweza. Aliniangalia, akamwangalia mwanawe.

"Ni wake," akasema. "Tangu siku nyingi ni wake. Apande."

Nilimchukia mzee yule wakati huo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mume wangu alivua viatu. Alishika mti. Magoti yake yalianza, niliyaona, na nikajua kwamba yule wa jicho naye anayaona. Akakaa hivyo, mguu mmoja juu na mwingine kwenye jiwe. Halafu midomo yake ikaanza kutembea.

Alipanda.

Maji pale kwenye nguzo yanapiga kelele ambayo inazima sauti ya aliye juu. Hata apige kelele, aliye kwenye mawe hasikii. Basi hatukusikia kitu, tuliona tu mdomo, unafunguka na kujifunga, na yeye anasogea juu ya ule mti ulioloa, mguu baada ya mguu.

"Anasema nini?" yule wa jicho akanipigia kelele.

"Anaongea na maji!" nikamjibu. "Wavuvi wote wanaongea na maji!"

Haikuwa kweli. Nilikuwa nimeuangalia ule mdomo kwa miaka nyuma ya moshi. *L'eau bout à cent degrés.* Alikuwa anausoma ule ukuta kichwani: alikuwa mlangoni, kwenye maji yanayochemka kwa nyuzi mia. Alishuka kwenye kutu. Alipofika mahali mti unapopinda, ambapo kaka yake alianguka, alisimama, na mdomo nao ukasimama, na mimi nikaanza kusema mwenyewe, kimya, juu ya uchaga mkubwa, mapafu, mapafu, kazi ya mapafu. Sijui kama mtu anaweza kumsukuma mwingine kwa namna hiyo. Sidhani. Lakini mdomo ukafunguka tena, na mguu ukaenda.

Kama wangelisikia Kifaransa kile, wangelimchoma mkuki alipokuwa akishuka. Kelele za maji zilimficha.

Alifika kwenye nguzo. Alifungua kamba. Mgono ulipanda ukiwa umeoza nusu, mdomo wake umebaki mkunjo mmoja tu wa mti, majani na mchanga vikidondoka. Hakukuwa na kitu ndani. Aliushika kifuani, kama unavyomshika mtoto aliyelala, kwa muda. Mdomo wake haukutembea tena. Halafu akaufungua, akauachia. Mto ukauchukua mara moja, hata hukuona ulikoelekea.

"Anatupa!" yule mwenye kofia akapiga kelele. "Anatupa chakula!"

"Umeoza," baba mkwe akasema. Alikuwa analia na uso haujabadilika. "Mvuvi hali kilichooza."

Na mume wangu, ambaye hakuna aliyemwambia, badala ya kushuka aligeuka, akavuka kwenda nguzo ya pili, ya baba yake, akainua mgono mzima, na humo mlikuwa na samaki mkubwa akipiga mkia. Akashuka naye begani. Akamweka mbele ya yule wa jicho. Mikono yake ilikuwa inatoka damu kwa kamba.

"Iko mvuvi," akasema yule mwenye kofia.

"Iko," akasema wa jicho, bila furaha.

Walichukua yule samaki. Walichukua wote waliokuwa kwenye uchaga wangu pia, kazi ya siku nyingi, na chungu cha mafuta. Chumvi waliiacha, sijui kwa nini. Wakaondoka.

Tulibaki kwenye mawe, sisi na mzee. Hakuna aliyemshika mwenzake. Baba mkwe alipangusa uso kwa nyuma ya mkono, akaangalia miti yake.

"Ile nguzo ya mwisho," akamwambia mwanawe, "kamba yake imelegea. Kesho uikaze mapema, jua halijatoka."

"Njo, Papa."

Basi. Hayo ndiyo waliyoambiana, na hayakuongezwa mengine mpaka mzee alipokufa.

Baadaye ndege zikaja, wanajeshi wengine wakaja, waasi wakaondoka, tukazika watu tena. Siku moja mtu akaleta habari kwamba mtihani wa jeshi umetangazwa upya kule Makiso, na safari hii ni kweli. Mimi, kwa mazoea, nikatoa lile shati nikatafuta sabuni.

"Acha," akasema. Alikuwa anasuka mgono. "Mupe mudogo yako. Mimi niko na nguzo mbili sasa, yangu na ya kaka."

Alipanda miti ile mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakufa majini. Alikufa kitandani, kwa mapafu, yale ya juu ya uchaga mkubwa. Ukuta nao ulipasuka mara nyingi, kila tope likianguka, maneno yanachungulia, nami nakandika tena. Sasa kibanda kimeshabomoka chenyewe.

Mjukuu wangu alikuwa amezima simu. Muhogo ulikuwa umekwisha kumenywa, nilikuwa namenya hewa.

"Na wewe," nikamwuliza, "unakimbia nini?"

"Sikimbii, Koko. Natafuta mushahara."

Nilimwangalia magoti. Yalikuwa yametulia. Ya babu yake nayo, akikaa chini, yalitulia. Nilikuwa nimechoka, moto ulikuwa unakufa, na maji ya kuchemshia muhogo bado.

"Bon," nikasema. "Washa simu. Soma."

Akasoma. Swali lilikuwa la kutu. Hilo nalijua. Lilikaa karibu na mlango, chini ya maji.